Joto la Rayén

Ushuaia, 6 Januari 1987

Binti yangu Zulema,

Salamu zangu kwako ni nyingi kama mawe utakayorudi nayo, na kwa ninavyokujua, meli italazimika kushusha mzigo mwingine ili ielee. Sisi huku wazima. Rayén mzima, mimi mzima, paka mzima ila anajifanya mgonjwa ili apewe samaki.

Leo ni siku ya Mamajusi, wale wanaowaletea watoto zawadi usiku kwa ngamia wao. Jana mwanao aliacha viatu mlangoni, na nyasi na maji kwa ajili ya ngamia, kama kila mwaka. Asubuhi akakuta penseli za rangi. Hakurukaruka. Alikishika kikombe, akakigeuza, akanitazama.

"Babu, ngamia wamekunywa maji, sawa. Lakini kikombe wamekiosha?"

Miaka saba, na tayari ni polisi.

Sasa nikukumbushe mambo ya redio, maana huu ni msimu wako wa kwanza kukaa huko mwanzo hadi mwisho, na mimi nimepika katika kambi hizo za barafuni misimu mingi kuliko nywele zilizonibakia. Kila Jumamosi jioni nitapanga foleni katika ofisi ya redio pamoja na wake na akina mama wa watu, kila mmoja na dakika zake chache. Usisahau kwamba kila neno linasikika kambi zote, na wote wanasikiliza, kwa sababu huko hakuna sinema. Msimu mmoja mke wa fundi alimwambia mumewe kwamba paa linavuja. Wiki nzima kambi tatu zikabishana hewani kuhusu lami, na ya nne ikauliza kama yule mama ana dada.

Ndiyo maana sisi watu wa kambi tuna kanuni yetu, na marehemu mama yako aliishika kuliko amri za padri: habari njema hupanda redio, habari mbaya hupanda meli. Meli hupita kituo kwa kituo, inachukua karibu mwezi kuwafikia. Katika muda huo jino limeng'olewa, mguu umeunga, ugomvi umesahaulika. Mtu aliye kwenye barafu hana la kufanya na habari mbaya isipokuwa kulala nayo, na hema lenyewe ni dogo. Ukinisikia hewani nikisema "hatujambo", ipokee ilivyo. Mengine utayasoma yakiwa yamekwisha.

Viatu ulale navyo ndani ya begi la kulalia, la sivyo asubuhi utavaa mawe mawili. Na usimruhusu mpanda milima kupika.

Ni mimi baba yako, mpishi mstaafu wa barafu,
Eleuterio Barrientos


Kambi ya Rincón Negro, 17 Januari 1987

Baba mpendwa, shikamoo.

Barua yako bado sijaipata, lakini onyo lako la siku ya kuagana limetimia: mpanda milima anapika. Anaitwa Quique Olmedo, ni sajini, ametumwa na jeshi atuzuie tusianguke katika nyufa. Ameona kazi hiyo haimtoshi, akatwaa na jiko. Polenta yake, ule ugali wa mahindi, ukiidondosha inadunda. Tunakula wote kimya, na Daktari Basualdo, kiongozi wetu, husema kila jioni, "Sajini, hii tuipige nyundo kwanza tuone ni ya enzi gani."

Tuko watatu tu, na mahema kwenye mteremko wa mawe meusi, mto wa barafu nyuma yetu na bahari iliyoganda mbele. Asubuhi kazi ya kwanza ni maji: unakata barafu kwa shoka, unajaza sufuria, unawasha jiko la mafuta ya taa, unasubiri, unasubiri tena, unapata kikombe. Tunazungushana yerba, chai yetu ya majani, kibuyu kimoja na mrija mmoja, hakuna anayeongea mpaka kimzungukie mara mbili. Kisha tunapanda kilima. Nagonga mwamba, naokota kipande, naandika namba juu ya jiwe, namba juu ya mfuko, namba kwenye karatasi ndani ya mfuko, kwa sababu Daktari haamini kitu kilichoandikwa mara moja tu. Glavu tatu mkononi, na bado penseli naishika kama mtoto wa chekechea. Jioni tunashuka na magunia mgongoni. Shakwe mmoja mkubwa wa kahawia hutusindikiza njia nzima akidhani tumebeba nyama. Yeye ndiye mwenzetu pekee mwenye matumaini.

Tunachotafuta ni mshono, Baba: mahali tabaka la zamani linapokoma na la baada yake linapoanza. Chini ya mshono kumejaa konokono wa mawe, wengine wakubwa kama gurudumu la gari. Juu yake hakuna hata mmoja. Walikuwapo, kisha hawapo. Daktari anautafuta mshono huo kilimani hapa tangu mimi nikiwa na sare ya shule.

Nashika kanuni, kwa hiyo nakueleza hili sasa likiwa limekwisha. Wiki iliyopita upepo ulibeba hema la jiko. Tulimwona Quique amening'inia kwenye kamba yake kama nguo. Tulilala siku mbili tumejibana katika hema moja, na Daktari anakoroma kwa lafudhi ya kwao Tucumán. Redioni nilikuambia "tumepumzika kidogo". Ilikuwa kweli, tulilala mno.

Mbusu Rayén. Mwambie nimeona pengwini mmoja akitembea peke yake kuelekea bara, mbali na bahari, kama aliyesahau kitu nyumbani.

Binti yako,
Zulema


Ushuaia, 1 Februari 1987

Zulema mwanangu,

Barua hii naipeleka kesho kwa Gallardo wa posta ya bandarini aitie katika gunia la meli. Ukisoma haya, litakuwa jambo la zamani. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na kwa sababu kanuni inaniruhusu.

Rayén anaumwa. Jumatano alishika tumbo. Nilidhani ni yale matunda ya porini ya kalafate, maana alirudi na midomo ya zambarau, nikampa chai ya mnanaa nikamkaangia torta frita, maandazi anayoyapenda, akakataa. Hapo ningeelewa. Mtoto huyu hajawahi kukataa torta frita. Alhamisi alfajiri alikuwa amejikunja kama uduvi, mwili moto. Doña Hortensia jirani aliingia na gauni lake la usiku, akamtazama mara moja, akaniita kwa jina langu la mtaani.

"Don Tello, unangoja nini, barua? Mbebe!"

Nilimbeba. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Walimpasua siku hiyohiyo. Daktari wa upasuaji ni kijana mwenye uso wa mtahiniwa, lakini mikono yake haitetemeki, niliitazama. Anasema usaha ulikuwa umeenea tumboni, na sasa ni vita ya dawa na homa. Homa haishuki. Anaota mchana. Jana aliniambia nitoe ngamia chumbani.

Jana hiyohiyo nilikuwa kwenye foleni ya redio. Uliniuliza, "Rayén yukoje?" nami nikajibu, "Anakula na analala vizuri." Sikusema uongo. Anakula kwa mrija wa mkononi, na analala karibu saa zote. Ukacheka, ukasema usimdekeze. Nikarudi hospitali kwa miguu, sikuona barabara.

Baba yake nimempelekea simu ya maandishi huko Comodoro. Amejibu kwamba anaomba. Haya.

Sitaandika "ikiwa". Ukisoma haya atakuwa anakimbia, na utanigombeza kwa kukuficha, nami nitagombezwa kwa furaha.

Baba yako,
Eleuterio


Kambi ya Rincón Negro, 5 Februari 1987

Baba,

Barua yako imewahi.

Helikopta ilikuja jana na kipuri cha jenereta. Rubani hakuzima hata injini: alitupa mfuko wa barua, akapakia magunia yetu ya mawe, akakimbia mawingu. Mimi nilikuwa kilimani. Niliposhuka Quique alikuwa ameifunika barua kwa sufuria isipeperuke. Nikafurahi nikaiweka kando, niile baada ya chakula kama kitu kitamu. Karatasi bado ilikuwa inanuka mafuta ya kukaangia ya nyumbani kwetu.

Nilitazama tarehe juu, nikamwuliza Daktari leo ni tarehe ngapi, nikatazama tena. "Ukisoma haya, litakuwa jambo la zamani." Halijawa, Baba. Umeniandikia barua ya mwezi ujao, nikaisoma mwezi huu.

Nilitoka nikaanza kutembea kuelekea baharini, kana kwamba Ushuaia iko pale nyuma ya jabali. Nilisikia viatu nyuma yangu. Quique, na kamba begani.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Nyumbani."

"Haya. Jifunge kamba basi, mbele kuna nyufa."

Akanifunga, akanifuata. Hakusema rudi. Tulitembea hivyo, mimi mbele na yeye nyuma kama mtu aliyetoka na mbuzi wake, mpaka barafu ikaanza kulia chini ya miguu na mimi nikakaa chini. Naye akakaa. Akapapasa koti, akasema, "Nina polenta baridi mfukoni." Nikacheka, Baba. Sijui kama nilikuwa na haki ya kucheka.

Tuliporudi Daktari alikuwa ameshika redio. Anga limechafuka siku hizi, jua linatema kitu na masafa yote yanakatika. Sajini Villafañe wa kituo kikuu tunamsikia kama mtu anayekaanga samaki mbali. Daktari aliita na kuita, yule mzee asiyependa hata kuazima kalamu, sauti ikamkauka. Halafu katikati ya vile vishindo akatokea mtu mwingine kabisa, sauti safi kama yuko nje ya hema:

"Rincón Negro, hapa kituo cha Wachile. Sajini wenu hawasikii. Mimi nawasikia. Kuna nini?"

Daktari alinitazama. Unajua nchi yao na yetu zinavyogombania barafu hii hii tuliyoikalia. Alinipa kipaza sauti.

Nilijua kambi zote zinasikiliza. Nikasema yote: mtoto, kidole tumbo, usaha, homa. Nikasema, "Tafadhali, mtu apige simu hospitali ya Ushuaia, amtafute baba yangu Eleuterio Barrientos. Na akisema hajambo, msimkubalie. Mwambieni nataka kweli."

Yule Mchile akasema, "Imepokelewa, bibie. Naipeleka mjini kwetu Punta Arenas. Kambi nyingine zote, tokeni hewani." Na zote zikatoka, Baba. Hata wale samaki wakanyamaza.

Sasa tunangoja. Jibu litakuja kabla ya barua hii kukufikia, kwa hiyo sijui naandika ya nini. Mikono inataka kushika kitu.

Sijakukasirikia. Nitakukasirikia baadaye, nikiwa na nafasi.

Zulema


Ushuaia, 9 Februari 1987

Mwanangu,

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbi wa wodi, muuguzi akaja.

"Mzee Barrientos, simu yako. Punta Arenas."

"Sina mtu Punta Arenas, ila binamu mmoja, na yeye hupiga akifa mtu."

Nikashika simu. Sauti ya mwanamume, ya adabu.

"Don Eleuterio? Mjukuu wako anaendeleaje?"

"Hajambo, ahsante, na wewe?"

Akasema, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgeni, "Samahani mzee. Nimeagizwa nisikubali."

"Umeagizwa na nani?"

"Na binti yako. Na sasa na kila mwenye redio kusini ya hapa."

Nikakaa sakafuni, mwanangu, palepale na simu mkononi, na muuguzi akanivuka kwenda zake kwa sababu ana kazi. Nikamwambia mtu yule yote. Kwamba homa ni thelathini na tisa na nusu. Kwamba usaha umerudi na wanampasua tena jioni ile. Kwamba mtoto amekuwa mwepesi, ukimwinua unahisi umechukua nguo tu. Maneno hayo sikuwa nimeyasema kwa Doña Hortensia, wala kwa padri, wala kwa kioo. Nimeyasema kwa Mchile. Aliandika, akanisomea, akauliza, "Ni hivyo?" Nikasema ni hivyo. Akasema, "Kesho saa hizi nitapiga." Na kesho yake akapiga. Anaitwa Oyarzún, na hata leo sijui kama ana masharubu.

Baada ya hapo nilikwenda posta na hasira zangu zote.

"Gallardo! Nani alikutuma uharakishe barua yangu?"

"Don Tello, nilikuona umekonda, nikasema hii lazima ni barua muhimu. Kulikuwa na ndege inapeleka kipuri kituoni, nikaitumbukiza. Nimekosea?"

Misimu yote niliyokaa kwenye barafu nikiomba barua ije haraka, haikuja hata moja. Nilikwenda kumtukana, nikajikuta nimekaa juu ya magunia yake nalia, naye ameninyang'anya kofia ameishika kwa heshima kama tuko kanisani.

Walimpasua mara ya pili. Amevuka usiku ule, hilo tu ndilo naweza kusema. Homa bado. Jana alifungua macho akaomba maji, akayatema, akaomba tena. Yule daktari mwenye uso wa mtahiniwa amelala kwenye kiti siku mbili na hajanyoa, amezeeka kidogo, nimeanza kumwamini zaidi.

Nilidhani nakulinda. Nikifikiri sasa naona nilijilinda mwenyewe pia, maana jambo lisilotamkwa hewani ni kama halijakuwa. Safari hii siandiki kwamba utakuta limekwisha. Sijui litakwishaje. Unaona, nimeandika.

Baba yako


Kambi ya Rincón Negro, 22 Februari 1987

Baba yangu,

Barua yako ya tarehe 9 imetufikia juzi, ndege imeidondosha bila kutua. Utakuwa umeshasikia upande wangu kwa Oyarzún, lakini mambo mengine hayapiti kwenye waya. Nataka uyajue, ili ujue ni nani wa kuwashukuru.

Siku ile baada ya jibu lako la kwanza, kituo kikuu walisema hali ya hewa ikiruhusu watanitoa hapa, ila ndege ya kwenda kaskazini haipo mpaka mwisho wa mwezi. Nilianza kufunga begi. Quique akaniangalia.

"Dada, kule kituoni utangoja ukitazama ukuta. Hapa utangoja ukipiga mawe. Ukuta ukiupiga watakupeleka kwa mganga."

Nikabaki. Nilipiga mawe ambayo hayakuwa na kosa lolote. Daktari alikuwa akija nyuma yangu, anaokota vipande, anaviandika namba kimyakimya, hata vile visivyofaa kitu.

Jioni ya kwanza masafa yalipofunguka, Villafañe alisoma joto la vituo kama anavyosoma kila siku, kwa sauti yake ile ya kuuza mnada:

"Kituo kikuu, hasi kumi na moja, upepo wa kusini. Wachile, hasi tisa. Wapoland, hasi saba, wanajisifu. Rincón Negro, hasi kumi na mbili." Akavuta pumzi. "Rayén, thelathini na tisa na nusu."

Basi. Akaendelea na bahari na mawingu.

Kila jioni ikawa hivyo, Baba. Namba uliyompa Oyarzún ilipanda kwa Wachile, ikafika kwa Villafañe, ikasomwa katikati ya joto la barafu. Watu nisiowajua wakaanza kuingia hewani. Daktari wa Warusi aliuliza, kwa Kihispania cha kuokoteza, ni dawa gani anapewa, tukamjibu, akafikiri, akasema "nzuri". Mpoland mmoja mzee alisema hajui dawa ila ana rozari. Mtu wa kambi ya pwani, ambaye msimu mzima tulimjua kama mlalamikaji wa betri, alinipa dakika zake za Jumamosi za kuongea na mkewe. Alipoulizwa mkewe atasemaje, akasema, "Atapumzika."

Thelathini na tisa. Thelathini na tisa na pointi nane, siku hiyo sikula. Thelathini na nane na nusu. Kisha ikaja jioni ambayo Villafañe alisoma vituo vyote, akafika kwetu, akamruka Rayén, akaendelea na mawingu. Simu za Punta Arenas zilikuwa zimekatika kwa dhoruba, ndiyo tu. Lakini sisi hatukujua. Hakuna aliyeuliza. Niliwasikia wote wakipumua kwenye redio, au nilidhani nawasikia. Daktari alikaa karibu nami mpaka asubuhi, na usiku wa huku ni mfupi, basi tulikaa tu kama watu kituo cha basi. Alinieleza habari za konokono wa mawe, moja baada ya nyingine, aina zote, kwa majina yao ya Kilatini. Hajawahi kunifundisha vibaya namna ile. Sikusikia hata jina moja, na namshukuru kwa kila jina.

Jioni iliyofuata: "Kituo kikuu, hasi kumi na nne. Wachile, hasi kumi. Wapoland, hasi tisa, leo wamenyamaza. Rincón Negro, hasi kumi na tano." Nikamshika Quique mkono, akuambie mwenyewe kama sikumvunja. "Rayén," akasema, na sauti ya mnada ikamkimbia, "Rayén, thelathini na saba. Narudia. Thelathini na saba, na ameomba mkate."

Ikaja kelele kwenye redio, tukadhani imeharibika tena. Walikuwa wanapiga sufuria. Kambi ya pwani, kituo kikuu, Wachile, Warusi, sijui nani na nani, kila mtu na sufuria yake na kijiko chake. Quique akachukua yetu, ikiwa na polenta ndani, akatoka nje akaipiga kwa nyundo ya kijiolojia ya Daktari, jambo ambalo siku nyingine lingeleta kesi. Daktari alikuwa anafuta macho.

"Moshi wa jiko huu," akasema.

"Daktari, jiko halijawashwa."

"Basi ndiyo maana, Sajini! Washa jiko!"

Mshono tumeupata Alhamisi. Ni mstari wa udongo wa kijivu, mwembamba, ungeweza kuufunika kwa kiganja. Daktari alipiga magoti. Quique akasema uitwe Rayén. Daktari akasema sayansi haiendi hivyo, akaandika namba.

Mwambie Gallardo ahsante. Siku ile nilimlaani, yeye na ndege yake. Lakini kama barua ingepanda meli, ningekuwa nimecheka Jumamosi zote zile. Mwambie Oyarzún ahsante, na umwulize kuhusu masharubu. Na wewe Baba, uliyekaa kwenye benchi lile na namba hizo peke yako kabla hatujaja kukaa nawe, ahsante. Ile hasira niliyokuwekea nimeitafuta. Imebaki kidogo, haitoshi kuandikia.

Zulema


Ushuaia, 2 Machi 1987

Mama,

Mimi nasema na Babu anaandika. Nimemwambia aandike kila neno hata kama halipendi.

Niko nyumbani. Nina kovu. Babu alitaka kuandika kovu dogo lakini si dogo, linatoka hapa mpaka hapa. (Mwandishi anakadiria: penseli nzima.) Wenzangu wote wa darasani wamekuja kuliona, na Maximiliano amezimia, lakini yeye huzimia hata kwa damu ya pua.

Nilipokuwa na homa nilikuita na hukuja. Babu ameacha kuandika ananiangalia. Nimemwambia andika. Sikukasirika sana. Nilikasirika kidogo, na bado.

Bwana Oyarzún ana masharubu. Nilimwuliza mwenyewe. Nikamwuliza na hali yako, akasema hujambo kabisa. Nikamwambia sikubali.

Mama, hujambo kweli? Sema kweli kama mimi.

Rayén

(Hakuna neno nililobadilisha. Nilijaribu mawili, akanikamata. E. B.)


Kambi ya Rincón Negro, 9 Machi 1987

Rayén wangu,

Barua yako imekuja kwa helikopta ya kutuondoa, na rubani ananipigia kelele, kwa hiyo nasema haraka, na nasema kweli.

Sijambo sana, hapana. Kucha mbili za miguu zimetoka kwa baridi. Midomo imepasuka, nikicheka inauma, na Quique ananichekesha makusudi. Naogopa helikopta. Naogopa kwamba umerefuka na mimi sikuwepo kuona.

Ulipokuwa unaniita mimi nilikuwa juu ya kilima napiga mawe. Sitakuambia kwamba nilikusikia moyoni, kwa sababu sikusikia. Nilikuwa nimefurahi siku hiyo, nilikuwa nimepata konokono mzuri. Nilijua siku kadhaa baadaye, kwa wema wa mtu wa posta aliyekosea. Hilo linauma kuliko kucha.

Na hili nalo ni kweli: kuna watu wengi kwenye barafu hii ambao hawajui sura yako na hawatakuona kamwe, na walikuwa hawali chakula cha jioni mpaka wasikie namba yako. Sijui watu wanashukuriwa vipi wakiwa wengi hivyo. Nimeanza na mmoja mmoja kwenye redio, sauti imenikauka, na bado Warusi.

Barua hii Villafañe ataisoma redioni na Oyarzún akusomee kwa simu, ifike kabla yangu. Meli itafika Ushuaia Jumapili, Mungu akipenda na barafu ikikubali. Nitashuka nanuka mafuta ya taa na soksi za Daktari. Usije kunikumbatia kwa sababu Babu amekusukuma mgongoni. Kama bado umekasirika kidogo, simama mbali kidogo, palepale penye kamba za meli. Mimi nitaweka magunia chini, nikae juu yake, ningoje mpaka umalize.

Mama yako,
Zulema